Maegesho ya Usiku Katika Njia ya Likasi

SWALI: Bwana Mhariri, kijiji chetu kiko kandokando ya barabara kuu nambari 1, baina ya Likasi na Fungurume, nchini Kongo (DRC). Madereva wa malori, na mara chache wageni wenye magari-nyumba, hulala popote giza linapowakuta. Je, twaweza kuwatengea mahali halali?

JIBU: Mwaweza, ndugu yangu, na ni jambo la kheri, walakini, kwa kuwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973 imeifanya ardhi kuwa milki ya Dola, hapana budi sultani wenu aende pamoja na wazee kwa msimamizi wa teritori ya Kambove, kisha kwa idara ya ardhi, mpate idhini ya maandishi kabla ya kupokea hata faranga moja, maana kumtoza msafiri bila hati ni dhuluma.

Kwamba mwahitaji choo, maji safi, taa na mlinzi mwaminifu, mwajua wenyewe. Ninalolihofia mno ni tindikali ya kiberiti, ambayo malori huipeleka kwenye viwanda vya shaba na kobalti, na ambayo ikimwagika huunguza ngozi na kuharibu visima. Magari hayo, kwa rai yangu, msiyapokee kabisa karibu na nyumba wala mto, hata madereva wake wakiwaahidi malipo maradufu.

Pelekeni ombi lenu wakati wa kiangazi, mpate kumwaga changarawe maegeshoni kabla ya mvua za Novemba.