«Funny»: nani anacheka?

Wakati wa likizo nilikwenda Beni kumsalimia shangazi. Katika kituo kimoja cha afya, daktari mgeni asiyejua Kifaransa wala Kiswahili aliniomba nimsaidie kusema na mama aliyeleta mtoto mwenye kidonda mguuni. Daktari alikisogelea kidonda, akasema: «It smells funny.» Bila kusita nikatafsiri kwamba kidonda kina harufu ya kuchekesha.

Mama aliniangalia kwanza, kisha akauliza: «Mutoto yangu iko ya kuchekesha? Munatucheka?» Akamfunika mtoto kwa kitenge, akasimama aondoke. Nikamwomba: «Mama, munisamehe, ni mimi nilisema mubaya. Munganga anasema harufu haiko ya kawaida.» Alikaa tena, na kidonda kikasafishwa.

Niliporudi Butembo nilijiuliza kosa lilikuwa wapi, maana «-a kuchekesha» ndiyo tafsiri tunayofundishwa. Kumbe «funny» ina angalau maana tatu:

1. Kinachofanya watu wacheke. «A funny story» ni hadithi ya kuchekesha.

2. Kisicho cha kawaida au kinachotia shaka. Mwingereza akisema pikipiki yake inatoa «a funny noise», hafurahi hata kidogo: injini inalia vibaya, na huenda ikaharibika.

3. Hali ya mwili usio sawa. «I feel funny» ni «najisikia vibaya kidogo».

Kifaransa kinatusaidia kuona jambo hili. Tunasema «une histoire drôle» kwa hadithi ya kuchekesha, lakini «une drôle d'odeur» kwa harufu isiyo ya kawaida. Neno ni lilelile. Mahali pake katika sentensi ndipo panapotenganisha maana. Kiingereza hakina alama hiyo, ndiyo maana wenyewe huulizana: «funny ha-ha or funny peculiar?», yaani ya kucheka au ya ajabu?

Kiswahili hakiwezi kubeba maana zote tatu kwa neno moja, na sababu imo ndani ya neno lenyewe. «Kuchekesha» ina mzizi -chek-, ndugu wa «koseka» ya Kilingala, «guseka» ya Kinyarwanda na «okuseka» ya Kiganda. Mzizi huo umeongezewa -esh-, kiambishi cha kutendesha. Kinachochekesha kinamfanya mtu acheke. Hata kama mtu huyo hatajwi, msikilizaji anamtafuta. Mama yule alimtafuta anayecheka, akatuona sisi wawili tuliosimama mbele ya kidonda cha mtoto wake. Alielewa sarufi ya sentensi yangu kuliko mimi niliyeitunga.

Jambo hili si dogo kwetu. Wakati wa mlipuko wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, wagonjwa wa Beni na Butembo walihudumiwa pia na wageni wengi. Mgonjwa anayedhani anachekwa huenda asirudi tena.

Basi, kabla ya kutafsiri «funny», uliza: nani anacheka? Ukimpata, tumia «-a kuchekesha» au, kwa mtu, «mcheshi». Usipompata, tafuta «isiyo ya kawaida», «ya ajabu», «inatia shaka» au «vibaya kidogo», kulingana na muktadha.

Jaribu sentensi hizi tatu kabla ya kusoma majibu:

a) The milk tastes funny.
b) My uncle is very funny.
c) There is something funny about this receipt.

Majibu: a) Maziwa yana ladha isiyo ya kawaida, pengine yameharibika. b) Mjomba wangu ni mcheshi sana. c) Risiti hii inatia shaka. Katika (b) peke yake ndipo kuna anayecheka.