Namna ya Kununua Rupia ya Mjerumani: Pima Kwanza, Lipa Baadaye

Mwongozo huu ni wa mkazi wa Nyahanga, Manispaa ya Kahama, anayetaka kununua sarafu za utawala wa Kijerumani mtu kwa mtu. Unahusu sarafu mbili tu. Ya kwanza ni rupia ya fedha ya miaka 1890 hadi 1914. Ya pili ni rupia 15 ya dhahabu iliyopigwa Tabora mwaka 1916, wakati wa vita, kwenye karakana ya reli, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zilipigwa sarafu 16,198 pekee. Wakusanyaji huilipia zaidi ya thamani ya dhahabu yake, na ndiyo maana hughushiwa sana.

Fuata hatua kwa mpangilio. Hatua moja ikishindikana, simama. Usiruke kwenda inayofuata.

1. Andaa vifaa. Beba:
- mizani ya kidijitali inayosoma gramu 0.01 na kubeba gramu 500;
- jiwe la mizani la gramu 50;
- vernia, yaani kipimio chenye taya mbili kinachosoma sehemu za milimita;
- lenzi ya kukuza mara 10;
- sumaku, uzi mwembamba, kikombe cha plastiki na maji safi;
- bahasha ndogo za karatasi, daftari na kalamu.

2. Hakiki mizani. Iweke mezani pasipo upepo, kisha weka jiwe la gramu 50. Isome kati ya 49.98 na 50.02. Ikisoma nje ya hapo, ahirisha ununuzi.

3. Panga bei ya juu kabisa kabla ya kuonana na muuzaji. Rupia ya fedha ina takriban gramu 10.69 za fedha halisi; rupia 15 ina takriban gramu 5.38 za dhahabu halisi. Zidisha kwa bei ya gramu ya siku hiyo. Jibu ndilo thamani ya madini. Andika pia kiasi utakachoongeza kwa ajili ya umri na hali ya sarafu.

4. Omba ruhusa. Baada ya salamu, sema wazi: "Mzee, naomba nipime hapa hapa, mbele yako." Akikataa, shukuru uondoke. Simulizi za mali za Mjerumani zilizofukiwa si kipimo. Usiziingize kwenye bei.

5. Tambua umri. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa nchini na binadamu kabla ya 1863. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zimo humo. Ukionyeshwa sarafu ya namna hiyo, usinunue. Mwelekeze muuzaji Idara ya Mambo ya Kale.

6. Soma alama kwa lenzi. Shika sarafu kwenye ukingo. Rupia ya fedha ina picha ya Kaiser Wilhelm wa Pili amevaa kofia ya chuma, na maandishi GUILELMUS II IMPERATOR. Zilizopigwa kuanzia 1904 zina herufi A (Berlin) au J (Hamburg). Rupia 15 ina tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima, mwaka 1916 na herufi T. Upande wa pili una tai. Vitundu vidogo juu ya sarafu, herufi butu au mstari wa kuungana ukingoni ni dalili za sarafu iliyomiminwa kwenye kalibu. Ukiona hata moja, simama.

7. Gusisha sumaku. Sarafu isivutwe hata kidogo.

8. Pima uzito na kipenyo. Andika kila namba daftarini.
- Rupia ya fedha: gramu 11.66, kipenyo takriban milimita 30. Iliyochakaa isishuke chini ya gramu 11.3.
- Rupia 15: gramu 7.17, kipenyo takriban milimita 22.

9. Pima msongamano, yaani uzito mkavu ukigawanywa kwa uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu. Weka kikombe chenye maji kwenye mizani, rudisha namba kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi, izamishe yote bila kugusa kitako wala kuta. Soma mizani, gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Rupia ya fedha isome kati ya 10.1 na 10.5. Rupia 15 isome takriban 15. Shaba nyeupe (shaba iliyochanganywa na nikeli) na shaba nyekundu husoma karibu 8.9.

10. Kataa asidi, tupa na jiwe la sonara. Mkwaruzo mmoja hushusha thamani. Usisugue kwa majivu, limau wala mchanga. Kausha kwa kugusisha kitambaa laini.

11. Tafuta jicho la pili kwa rupia 15. Zipo za kughushi zenye dhahabu ya kweli, ambazo hupita hatua ya 7 hadi ya 9. Mkubaliane kwa maandishi kwamba malipo yatafanyika baada ya mtaalamu wa sarafu kuithibitisha. Hadi hapo, sarafu ibaki kwa muuzaji.

12. Andikishaneni. Hati ya mauziano iwe na majina, tarehe, bei, vipimo vya hatua ya 8 na 9, picha za pande zote mbili, na sahihi za mashahidi wawili mbele ya mtendaji wa mtaa. Kila upande ubaki na nakala.

13. Lipa, kisha weka sarafu kwenye bahasha yake. Juu ya bahasha andika tarehe, uzito na namba ya hati. Atakayeinunua kwako kesho apime upya na apate namba zile zile.