Rafiki wa usiku wa manane: somo la maombi kwa wanaokwenda huduma

Wahariri wameniomba somo la maombi kwa ajili ya wenzetu watakaokwenda wiki ya huduma hapa Brussels likizo ijayo ya Pasaka, na kwa kuwa nilikuwa kwenye kundi la mwaka jana, sikuwa na pa kukwepea.

Kwenye semina za maandalizi tunaambiwa: jaza tangi kwanza, ndipo uendeshe. Yaani funga, omba, ukishajaa nenda ukawagawie wengine. Sina ugomvi na hilo. Ila kuna mpangilio katika Injili ya Luka ambao semina zetu huwa haziugusi. Fungua Luka 10, usome mfululizo mpaka 11:13, usisimame kwenye vichwa vya habari vilivyowekwa na wachapaji.

Yesu anawatuma wanafunzi sabini, wawili wawili. Anawaambia wamwombe Bwana wa mavuno, halafu hapo hapo anawapa amri ya kwenda: hakuna mfuko, hakuna mkoba, hakuna viatu (10:2-4). Wanakwenda, wanarudi wamejaa furaha kwamba hata pepo wamewatii (10:17). Kisha inakuja habari ya Martha, amehangaika na shughuli nyingi jikoni. Na baada ya hayo yote, sura ya 11 aya ya 1, ndipo mwanafunzi mmoja anamwomba Yesu awafundishe kuomba. Hebu fikiri kidogo. Walikuwa Wayahudi, wamelelewa katika sala tangu utotoni. Hivi, kwa nini waulize sasa?

Mimi ni mtu wa zege. Maabara tunaiweka boriti chini ya mashine na kuikandamiza polepole mpaka ufa wa kwanza uonekane. Kabla ya mzigo kila boriti ni nzima. Nadhani safari iliwafanyia wanafunzi kazi hiyo, ikawaonyesha mahali wanapohitaji msaada.

Jibu la Yesu lina sehemu mbili. Ya kwanza ni Baba Yetu, tunaijua. Ya pili huwa tunaipita haraka: mtu anafikiwa na rafiki aliye safarini usiku wa manane, ndani hana kitu cha kumwandalia, anakwenda kumgongea jirani amkopeshe mikate mitatu (11:5-8). Angalia vizuri: anayegonga mlango si yeye mwenye njaa. Anaomba kwa ajili ya mtu aliyekaa nyumbani kwake akisubiri. Neno la Kigiriki katika aya ya 8, anaideia, maana yake ni kukosa haya. Kwetu tungesema huyu bwana ni mkavu wa macho. Nani anaamsha familia ya watu saa sita usiku? Kwa njaa yake mwenyewe angevumilia mpaka asubuhi. Mgeni ndiye aliyemtia ujasiri.

Brussels inaujua mfano huu kwa vitendo. Mwaka 2015 mahema yalijaa bustani ya Maximilien, karibu na stesheni ya Gare du Nord, watu wakisubiri kuandikishwa kama waomba hifadhi. Mwaka 2017 wakazi wa kawaida walikuwa wakija bustanini usiku kuwachukua wageni wakalale majumbani mwao. Na majira ya baridi ya 2022 kuingia 2023 mahema yalikuwa kando ya mfereji, karibu na Petit-Château. Mji huu, ambao shirika la wamisionari wa Scheut lilianzia hapa Anderlecht mwaka 1862 na baadaye kwenda Kongo, leo una akina mama wa Kikongo wanaowapikia supu watu wa mataifa yote. Historia ina mizaha yake.

Kiongozi wetu alikuwa mmoja wa akina mama hao, mzaliwa wa Bukavu. Usiku wa tatu alikuja kijana wa Kivu. Supu hakuitaka. Aliuliza kwa Kiswahili chao atalala wapi. Tulikuwa na supu, mikate na soksi, basi. Mwenzetu mmoja akaanza kumwombea ile sala ya kuagana, Mungu akubariki, akulinde, amina. Mama akamshika mkono: "Ngoja kwanza, mtoto yangu. Jina yake ni nani?" Akamuuliza kijana anataka Mungu aambiwe nini hasa. Kijana akasema: aambiwe nimechoka kuulizwa maswali. Mama akayaomba maneno hayo hayo, bila kuyapamba, halafu akatoa simu. Alipiga mpaka karibu saa tano. Parokia moja ikakubali kumpokea kwa siku mbili. Baada ya hapo hatukupata habari zake, na sisi wengine bado tunamtaja kwa jina kila Jumatano.

Ule upigaji simu nauhesabu kuwa sehemu ya maombi, ndiyo kule kugonga. Lakini sikubaliani na wanaosema kazi ikiwa ya Mungu basi kazi yenyewe inatosha, sala ya nini tena.

Mwezi Septemba 1929 daktari Mwingereza Joe Church alifika Kampala akitokea hospitali ya Gahini, Rwanda, nchi iliyokuwa chini ya Ubelgiji. Alikuwa ametoka kwenye njaa kubwa iliyoitwa Rwakayihura, amechoka mwili na roho. Kwenye kilima cha Namirembe akakutana na Mganda Simeoni Nsibambi. Wakakaa pamoja siku mbili wakisoma Biblia na kuomba. Uamsho ulioenea miaka ya 1930 Rwanda, Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, wengi huuhesabu kuanzia pale. Kinachonigusa ni kwamba mmisionari hakujifungia peke yake. Alihitaji mwenyeji wa kumwombea. Hata wale sabini walitumwa wawili wawili.

Kwa hiyo mnaokwenda Pasaka: pangeni kuomba wawili wawili kila asubuhi kabla ya tramu, dakika kumi na tano tu, na wekeni kidaftari cha majina. Msiandike "wahamiaji", andikeni jina la mtu, kama amekubali. Jioni mkirudi, hata kama miguu inauma, someni majina kwa sauti. Kwenye kikao cha Ijumaa tutasoma Luka 18:1-8, yule mjane na kadhi. Kila mmoja aje na jina moja la mtu ambaye hana cha kumwandalia.