SOMO LA JUMA: KILA MTU MBELE YA NYUMBA YAKE

Mafungu ya kusoma: Nehemia 1:1-11; 3:1-32; 6:15. Yakobo 2:14-17.

 

1. Ulizo letu

Katika kikundi chetu cha somo hapa Kolwezi tuliulizana hivi: kama Mungu angekuruhusu kubadilisha jambo moja katika maisha yako au katika mtaa wako, ungebadilisha nini? Vijana walitaka kazi kwenye kompani. Wababa walitaja bei ya kobalti na mizani ya wanunuzi. Wamama walitaja maji, vumbi la barabara na pombe ya waume wao. Wazee walitamani Gécamines ya zamani, ile iliyowapa wafanyakazi nyumba, hospitali, shule na unga.

Hakuna jibu baya hapo. Lakini katika kila jibu aliyepaswa kubadilika alikuwa mtu mwingine. Mwishoni mama mmoja mzee akasimama, akasema: "Mjukuu wangu anaosha mawe mtoni, hasomi. Na feza yake ni mimi ninaipokea. Ningebadilisha hilo." Tulinyamaza wote. Hata sisi mashemasi tumepokea sadaka siku nyingi bila kuuliza imetoka katika mikono ya nani.

2. Nehemia alianza wapi?

Nehemia alipata habari kwamba ukuta wa Yerusalema umebomoka. Alilia, alifunga, akaomba. Katika maombi yake hakuwashitaki adui tu. Aliungama kwamba yeye mwenyewe na nyumba ya baba yake wametenda zambi. Baadaye tu aliomba ruhusa kwa mfalme, akaenda kujenga.

Tuangalie sura ya 3. Yedaya alitengeneza mbele ya nyumba yake. Benyamini na Hashubu vilevile. Meshulamu alitengeneza mbele ya chumba chake. Shalumu alijenga pamoja na binti zake. Wakubwa wa Tekoa peke yao walikataa kuinamisha shingo zao kwa kazi. Sehemu hizi ndogo zilipoungana, ukuta ulimalizika kwa siku 52.

3. Mfano wa Papa Simon Kimbangu

Papa Simon Kimbangu alianza kazi yake Nkamba tarehe 6 Aprili 1921. Wabelgiji walitawala inchi yote, naye hakuwa na askari wala feza. Aliwaambia watu watupe hirizi zao na waache kuoa wake wengi. Hayo yalikuwa ndani ya nyumba zao, na waliweza kuyafanya siku ileile. Watawala waliogopa. Walimkamata Septemba mwaka ule, wakamhukumu kufa, kisha mfalme Albert akageuza hukumu iwe kifungo cha maisha. Alifungwa huku kwetu Katanga, katika gereza la Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, mpaka alipokufa tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka 30! Hakuona mabadiliko ya inchi kwa macho yake, lakini mbegu haikufa.

4. Sisi na nyumba zetu

Tukumbuke Kasulo. Tangu 2014, kobalti ilipoonekana chini ya mtaa ule, watu walichimba mashimo ndani ya parseli zao, hata ndani ya nyumba. Mnamo 2017 jamaa nyingi zilihamishwa, sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta na kupewa kompani. Watu wa Nehemia walijenga mbele ya nyumba zao. Sisi tulichimba chini ya zetu. Hatusemi hivi kwa kuhukumu, maana njaa tunaijua. Anayemwambia mwenye njaa aende kwa amani bila kumpa bukari, Yakobo amekwisha kumjibu.

5. Tufanye nini?

Kwanza, watoto. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kazi za hatari kwa watoto, na tangu Septemba 2019 masomo ya shule za msingi za Serikali ni ya bure. Lakini daftari, nguo na chakula bado ni mzigo. Basi anayemtoa mtoto mtoni asiachwe peke yake. Kundi lake limsaidie.

Pili, tuseme kwa pamoja. Sheria ya madini ya 2018 inataka kompani iandikiane na wakaaji mapatano ya maendeleo, na itoe asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa kazi za jamii. Mkutano wa mtaa ukiitwa, twende. Tuulize maji na barabara kwa heshima, bila woga. Anayetengeneza mbele ya nyumba yake anaweza kumwambia jirani mkubwa: na wewe tengeneza mbele ya yako.

6. Maulizo ya kujibu nyumbani

a) Ni jambo gani ninalomlaumu mwingine, na sehemu yangu ni ipi?
b) Nani katika nyumba yangu anabeba mzigo usio wake?
c) Juma hili nitaanza na jiwe gani?

Yule mama alirudi Jumapili iliyofuata akimshika mjukuu wake mkono. Kundi lilikuwa limechanga daftari na kalamu. Mtoto yuko darasani sasa, na kila mwezi tunachanga tena.

Upendo, amri na kazi viwe nasi. Amina.