SOMO LA NAMBA HII: CHAI YA SAA KUMI KATIKA VIJIJI VYA UINGEREZA



Katika vitabu vya Kingereza tunavyosoma darasani kuko neno dogo linalopotosha wengi: «tea». Tunalitafsiri «chai», kisha tunapita. Lakini Mwingereza akisema amealikwa «tea», mara nyingi si kikombe tu. Ni chakula. Kina saa yake, meza yake na desturi zake. Asiyejua jambo hili atasoma ukurasa mzima bila kuelewa juu ya nini watu wale wamevaa nguo nzuri saa kumi ya mchana. Basi tujifunze habari ya chakula hiki, na zaidi sana pahali ambapo mtu anaweza kukifurahia kule mashambani Uingereza. Tutaona meza tatu. Zote zina birika, lakini watu wanaozizunguka hawafanani.

1. Mwanzo wake

Majani ya chai yalifika Uingereza katika miaka ya 1650, kutoka China. Yalikuwa na bei kali, hata katika nyumba za matajiri yalifungiwa ndani ya kisanduku chenye kufuli. Mwaka 1784 serikali ilishusha kodi ya chai, kutoka zaidi ya 100 kwa mia mpaka 12.5 kwa mia. Magendo yakapunguka, na watu wa kazi nao wakaweza kununua chai halali.

Chakula cha saa kumi chenyewe kilikuja nyuma. Waingereza wanahadithia habari ya Anna, mke wa mtukufu wa Bedford, aliyekaa katika jumba la Woburn Abbey. Karibu na mwaka 1840 wakubwa walikuwa wanakula kidogo saa ya adhuhuri, halafu wanangoja mpaka saa mbili ya usiku. Katikati, njaa. Bibi yule akaomba aletewe chumbani chai na mkate wa siagi. Kisha akaanza kualika rafiki zake, na desturi ikaenea.

Hapa kuko mtego. Chakula cha wakubwa kinaitwa «afternoon tea». Kuko kingine, «high tea», na wengi wanafikiri ndicho cha watu wa juu. Kumbe ni kinyume! «High tea» ilikuwa chakula cha watu wa viwanda na mashamba waliorudi na njaa saa kumi na moja ao kumi na mbili: nyama, mayai, mkate, na chai ya moto. Mukipata neno hili katika mtihani, musianguke.

2. Meza ya kwanza: jumba kubwa

Zamani mtu wa kawaida aliingia katika majumba yale kwa mlango wa nyuma, akiwa na ndoo ao ufagio. Leo anaingia kwa mlango wa mbele, akiisha kulipa. Woburn Abbey ilifunguliwa kwa watu wote mwaka 1955. Shirika la National Trust, lililoanza mwaka 1895, linalinda majumba, bustani na pahali pengine pa zamani zaidi ya 500, na katika mengi kuko chumba cha chai. Mara nyingi chumba hicho ni zizi la zamani la farasi. Pahali farasi wa bwana walikula majani, leo mwalimu ao dereva anakaa na bibi yake na watoto, anakunywa chai.

Kuko pia hoteli za fahari mashambani. Huko wanaleta sahani tatu zilizopangwa kama ngorofa. Chini kuko sandwichi ndogo, zaidi sana za matango, zisizo na maganda ya mkate. Katikati kuko skoni, ndiyo mikate midogo ya unga, siagi na maziwa. Juu kuko keki. Desturi ni kuanza chini na kupanda. Bei iko juu, na ni lazima kuandikisha jina mbele.

3. Meza ya pili: bustani na nyumba za chai

Kijiji cha Grantchester kiko karibu kilometa 3 toka Cambridge, kandokando ya mto. Huko kulikuwa shamba la miti ya matunda lililopandwa mwaka 1868. Mwaka 1897 kundi la wanafunzi wa chuo kikuu walimwomba mama mwenye nyumba awaletee chai chini ya miti, si mbele ya nyumba kama siku zote. Akakubali. Wanafunzi wakaambiana, wakaja wengi, na pahali pale pakapata sifa. Muone: si hoteli wala mkubwa aliyefanya bustani ile kuwa bustani ya chai. Ni wanafunzi waliotafuta kivuli, na mama aliyekubali kubeba sinia hatua chache zaidi.

Upande wa kusini-magharibi, katika majimbo ya Devon na Cornwall, kuko ng'ombe wengi na maziwa mazito. Huko chakula cha saa kumi ni chepesi kuandaa: chai, skoni, jamu (ndiyo matunda yaliyopikwa na sukari) na krimu. Krimu yao inapashwa moto polepole, kisha inaachwa ipoe mpaka inashikamana. Kijiko kinasimama ndani! Lakini ndugu hawa wa jirani wako na mabishano yasiyoisha. Watu wa Devon wanapaka krimu kwanza, jamu juu yake. Watu wa Cornwall wanaanza na jamu. Mgeni mwenye akili anatazama mwenyeji wake anafanya namna gani, naye anafuata.

Nyumba nyingi za chai vijijini zinafunga mapema. Anayefika saa kumi na moja anaweza kukuta viti vimekwisha kupinduliwa juu ya meza.

4. Meza ya tatu: chumba cha kijiji

Meza hii haina sifa katika vitabu vya wasafiri. Wakati wa joto, kijiji ao kanisa linatangaza chai ili kutengeneza paa linalovuja ao kusaidia kazi fulani. Tangazo ni karatasi tu, imebandikwa mlangoni pa kanisa ao dukani. Wamama wanaleta keki walizopika nyumbani. Wengi wao ni wa Women's Institute, chama cha wanawake kilichoanza Kanada mwaka 1897 na kufika Uingereza na Wales mwaka 1915. Vikombe havifanani, viti ni vya mbao, na bei ni ndogo.

Tukiulizwa meza gani inapita zingine, sisi tunachagua hii. Katika jumba kubwa, mmoja anakaa na mwingine anasimama na sinia. Hapa mama aliyemimina chai leo atakaa wiki ijayo, na mwenzake atammiminia. Mgeni anaulizwa jina lake na kwao.

5. Wasioonekana mezani

Somo halijaisha. Miaka mingi sukari ya chai ile ilitoka katika visiwa vya Karibi, kwa mikono ya watumwa kutoka Afrika. Mwaka 1791 Bunge lilikataa kukomesha biashara ya watumwa. Ndipo Waingereza wengi, zaidi sana wanawake, waliacha kutia sukari ile katika vikombe vyao. Hawakuwa na haki ya kupiga kura, lakini walikuwa na meza, nao waliitumia. Biashara ile ilikatazwa mwaka 1807, na sheria ya kukomesha utumwa wenyewe katika makoloni mengi ya Uingereza ilikuja mwaka 1833.

Na majani? Leo sehemu kubwa ya chai ya Waingereza inatoka Kenya. Hata hapa kwetu Kivu tunajua kazi ile: kuamka na umande, kikapu mgongoni, kuchuma majani mawili na chipukizi lake, tena na tena. Mchumaji hakai mezani na haulizwi jina lake. Basi siku moja tukikaa mbele ya kikombe, Grantchester ao nyumbani, tumukumbuke naye.

Maswali
1. «Afternoon tea» na «high tea» vinaachana namna gani?
2. Ni kitu gani kilisaidia watu wa kazi kunywa chai halali nyuma ya mwaka 1784?
3. Ninyi mungechagua meza gani kati ya tatu? Toeni sababu.
4. Ulizeni nyumbani: nani katika jamaa yenu amekwisha kuchuma chai? Andikeni habari yake kwa mistari kumi.