Juu ya haki ya mtungaji wa nyimbo



Juma lililopita sisi makapita wa mwaka wa sita tulikaa kutengeneza sherehe ya kutafuta feza za madawati. Mlangoni tiketi, ndani kwaya na mchezo, mwishoni muziki wa simu. Mumoja wetu akauliza: "Na benye kutunga zile nyimbo, tutabapa nini?" Tulicheka. Mwingine akajibu: "Nyimbo ziko mu simu yangu, nililipa, njo basi." Wengi tulikuwa upande wake, mpaka tulipokwenda kusoma sheria.

Ni sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986. Mwenye kununua plaki, kasete ao wimbo wa simu ananunua kitu cha kusikiliza kwake na jamaa yake. Kuupiga mbele ya watu wote, mu nganda, mu hoteli ao kwenye sherehe ya tiketi, ni jambo lingine: lazima ruhusa ya mtungaji.

Lakini mtungaji hawezi kuzunguka kila nganda tangu Kapolowe Gare mpaka Kinshasa. Kwa hiyo kuna shirika linalokusanya feza kwa niaba ya wote na kuwagawia. Zamani ilikuwa SONECA, iliyoundwa mwaka wa 1969. Tangu 2011 ni SOCODA. Anayelipa aombe karatasi ya malipo. Na mtungaji asiyeandikisha nyimbo zake kule, ni vigumu feza zimufikie.

Tuchukue mfano wa karibu. Mwenda Jean Bosco alizaliwa Bunkeya mwaka wa 1930. Mwaka wa 1952 Hugh Tracey alimukuta Jadotville, ndiyo Likasi yetu, akarekodi wimbo "Masanga". Hata leo wapiga gita wa Ulaya na Marekani wanajifunza mwendo wa vidole vyake. Mwenda alikufa Zambia mwaka wa 1990, mu aksida ya motokari. Sasa wimbo ni wa kila mutu? Hapana. Sheria inahesabu maisha ya mtungaji na miaka 50 nyuma ya kifo chake, maana yake mpaka mwisho wa 2040. Hata nyimbo za kanisa: mtungaji wa Ulaya alikufa zamani sana, lakini aliyezitafsiri kwa Kiswahili naye ana haki yake, na miaka yake inahesabiwa mbali.

Mwenye nganda mumoja alituambia: "Minauzisha kasi tatu kwa juma, nitalipa na nini?" Hatukuwa na jibu zuri, na tunaona hasemi uongo. Tukamuuliza kama watu wangekuja bila muziki. Akanyamaza kidogo. "Hapana, bangeenda kwa mwenzangu."

Hatukupatana wote. Bwana Prefe amekubali kuandikia shirika kabla ya sherehe, jibu halijafika. Lisipofika, tutaimba zetu wenyewe, na wa mwaka wa nne wamesema wanazo mbili. Mwenye wimbo aliotunga mwenyewe alete maneno kwa kapita wa darasa lake mbele ya siku ya tano, na aandike jina lake juu ya karatasi. Safari iliyopita tulipokea nyimbo tatu bila jina, na mpaka leo watu wanne wanazigombania.