Kisima Kilicho Jirani na Mafuta Yaliyovuja: Maswali ya Kuuliza Kabla ya Kunywa

Mwezi Mei 2015 iligunduliwa kwamba mafuta yalikuwa yamevuja huko Thange, Kaunti ya Makueni nchini Kenya, kutoka katika bomba la Mombasa hadi Nairobi lililojengwa mwaka 1978. Mafuta hayo yalichafua udongo na maji ambayo wakazi waliyategemea kwa kunywa, kunywesha mifugo na kumwagilia mashamba. Hata hivyo, si lazima pawe na bomba kubwa ili madhara kama hayo yatokee. Tangi la kituo cha mafuta lililozikwa ardhini likila kutu na kutoboka, laweza kuvuja kwa miaka bila mtu kuona tone. Hapa tunaeleza jinsi maji ya eneo la namna hiyo yanavyochunguzwa, na mambo ambayo mwenye kisima anastahili kuyauliza.

Pua si kipimo

Petroli ni nyepesi kuliko maji. Ikizama ardhini, huelea juu ya maji yaliyomo humo, lakini baadhi ya kemikali zake huyeyuka na kusafiri pamoja nayo. Ya kuhofiwa zaidi ni benzini, ambayo husababisha saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 za benzini katika lita moja ya maji ya kunywa. Harufu ya benzini yenyewe hutambulika majini inapofikia takriban mara 1,000 ya kikomo hicho. Basi maji yanayonuka mafuta na yaachwe mara moja. Lakini yasiyonuka hayajathibitishwa kuwa salama.

Dawa ya klorini huua vijidudu, haiondoi mafuta. Kuchemsha nako si tiba: mvuke wa petroli hujaa jikoni, hudhuru anayeuvuta, na waweza kushika moto.

Jinsi uchunguzi unavyofanywa

Wataalamu huchimba visima vyembamba vya uangalizi: kimoja upande maji yanakotoka kabla ya kufika penye uchafu, na vingine upande yanakoelekea. Kwa kuvilinganisha, hujulikana uchafu umefika wapi. Katika kila kisima hupimwa kina cha maji na unene wa tabaka la mafuta, ikiwa lipo. Kisha maji yaliyotuama huondolewa, na sampuli hujazwa pomoni katika kichupa cha kioo pasipo kubakiza hata povu la hewa, kwa kuwa benzini huruka upesi. Kichupa husafirishwa katika barafu hadi maabara. Maji yaliyotiwa nusu katika chupa ya soda yaweza kuleta jibu la kufariji lisilo la kweli.

Kipimo kimoja hakitoshi. Masika hupandisha maji hadi kwenye udongo ulionasa mafuta. Kiangazi huyashusha tena. Kwa sababu hiyo vipimo hurudiwa, aghalabu kila miezi mitatu, ili majira yote ya mwaka yaonekane.

Maswali manne

1. Maji yalipimwa nini? Cheti cha vijidudu hakisemi lolote kuhusu mafuta.
2. Sampuli ilichotwa katika kisima kipi, na lini? Kisima cha jirani si chako.
3. Kilipatikana kiasi gani, na kikomo ni kipi? Neno «salama» bila tarakimu halitoshi.
4. Kipimo kijacho ni lini, na nani atakuletea matokeo?

Hadi upate majibu, tumia maji ya chanzo kingine kwa kunywa, kupikia na kuoga. Usivute maji mengi kwa pampu, maana waweza kuuvuta uchafu uje kwako. Toa taarifa kwa mamlaka ya maji au ya mazingira iliyo karibu nawe, na uhifadhi nakala ya kila matokeo pamoja na tarehe yake. Mwenye karatasi za mwaka mzima mkononi ana hoja. Mwenye kumbukumbu ya harufu peke yake hupata shida kusikilizwa.